Ukienda kwa Watu wa Anga, Nenda na Swali

Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Desemba dunia huadhimisha Siku ya Usafiri wa Anga. Hapa kwetu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na wadau wake nao huiadhimisha. Ni moja ya siku chache ambazo rubani, mwongozaji ndege, fundi, mtabiri wa hali ya hewa, mtu wa zimamoto ya uwanja na kijana anayependa tu kutazama ndege wanaweza kukaa chini ya paa moja na kuongea.

Wanachuo wengi tukisikia habari ya mkusanyiko wa namna hii tunasema moja kati ya mawili. La kwanza: "Hiyo ni ya marubani bwana, mimi nasoma Sosholojia." La pili: "Pale watu wanaenda kusaka koneksheni, na mimi sina suti." Somo la leo linajibu yote mawili. Tutaona kwa nini watu wa anga hukutana, mwanachuo wa Dodoma anapata nini akienda, na ajiandae vipi ili nauli yake isipotee bure.

Fani iliyozaliwa mkutanoni

Turudi Novemba 1944. Vita Kuu ya Pili bado inapiganwa, Tanganyika iko chini ya Uingereza, na wajumbe wa mataifa 54 wamekutana Chicago, Marekani. Walikaa zaidi ya mwezi mmoja. Tarehe 7 Desemba mataifa 52 yakasaini Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, ambao wenyewe wanauita kwa kifupi Mkataba wa Chicago. Mkataba huo ndio uliozaa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lenye makao makuu Montreal, Kanada. Mkataba ulipotimiza miaka 50, mwaka 1994, ICAO ikaanzisha siku hii ya tarehe 7 Desemba, na mwaka 1996 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitambua rasmi.

Walikubaliana nini pale? Kwanza, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Pili, pamoja na mamlaka hayo, kanuni za kurusha ndege zifanane. Leo mkataba una viambatisho 19, vinavyogusa leseni, hali ya hewa, ramani, viwanja, mawasiliano, uchunguzi wa ajali na mengine. Ndiyo maana rubani anayetoka Addis Ababa kuja Dar es Salaam anaelewana na mwongozaji ambaye hajawahi kumwona. Wanatumia maneno yaleyale, wanapima kimo kwa futi zilezile, na kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini baadaye.

Kanuni hizo hazikukamilika siku moja. Nyingi zimeongezwa baada ya watu kufa. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, wakafa watu 583. Ukungu ulichangia, lakini kulikuwa pia na maneno ya redio yaliyosemwa hivi yakaeleweka vile. Baada ya hapo lugha ya redioni ikakazwa. Neno la Kiingereza la kuruka, yaani "takeoff", leo halitumiki redioni ovyo. Linatajwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa.

Hapo ndipo penye tabia ya pekee ya fani hii. Kiambatisho cha 13 cha mkataba kinasema wazi kwamba lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Kwa hiyo watu wa anga wana mazoea ya kuambiana. Kilichotokea Hispania kinafundishwa Dar es Salaam, na kilichotokea Ziwa Victoria kinasomwa kokote. Wakikutana na kuongea wanakuwa kazini, sawa na fundi aliyeshika spana.

Kujuana ni tofauti na koneksheni

Sasa tuongee ukweli. Chuoni kwetu neno koneksheni lina harufu mbaya. Linamaanisha mjomba yuko ofisini, jina lako limeshapita kabla hujafanya usaili. Ukiingia kwenye mkusanyiko wa anga na mawazo hayo utaondoka umekasirika, maana mjomba huku ana mipaka mikubwa.

Chukua rubani. Kwa viwango vya ICAO, leseni ya rubani binafsi inahitaji angalau saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara inahitaji saa 200, au 150 kama amesoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Mjomba hawezi kukupa saa 200. Hawezi kukufanyia mtihani wa hali ya hewa, wala hawezi kuyasaidia macho yako kutofautisha taa nyekundu na ya kijani. Mwongozaji ndege naye ana mitihani yake na cheti chake cha afya. Fundi hasaini kwamba ndege iko sawa mpaka awe na leseni inayomruhusu kusaini.

Kitu ambacho mtu unayemjua anaweza kukupa ni taarifa, na taarifa ndiyo inayotupungukia sana. Hapa kuna pesa za wazazi wetu. Huku kanda ya kati mzazi anauza ng'ombe au shamba la zabibu ili mtoto akasome "mambo ya ndege" kwa sababu ameona tangazo lenye picha ya msichana mwenye sare nzuri. Mtoto anamaliza, anapewa cheti, kisha anagundua kwamba cheti kile hakimfikishi kwenye leseni yoyote. Ng'ombe wameshakwenda.

Kwa hiyo kabla wewe au mdogo wako hamjalipa hata shilingi, yako maswali matatu ya kumuuliza mtu wa TCAA uso kwa uso:

1. Je, chuo hiki kimeidhinishwa na TCAA kutoa mafunzo haya hasa, au kimesajiliwa tu kama chuo?
2. Nikimaliza napata leseni, naruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, au napata cheti cha kuhudhuria?
3. Je, nimeshapimwa afya? Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, mwongozaji ndege daraja la tatu. Pima kwanza, lipa ada baadaye. Kuna watu wamegundua tatizo la kutofautisha rangi wakiwa wameshalipa nusu ya ada.

Nchini tuna Chuo cha Usafiri wa Anga, CATC, Dar es Salaam, kilicho chini ya TCAA yenyewe, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinachofundisha masuala ya ndege. Jirani Uganda kuna chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanza mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Kuwafahamu waliopita huko ni kujua kozi ipi ina thamani gani, inachukua muda gani na inagharimu nini kwa ukweli wake, mbali na lugha ya matangazo.

Wapi pa kuwapata

Desemba ni moja tu. Kwa mwanachuo anayeishi kwa bumu, kuna milango mingine iliyo karibu zaidi.

Tarehe 8 Agosti kuna Nanenane, na viwanja vyake hapa Dodoma viko Nzuguni, daladala tu. Watu wanakwenda kutazama ng'ombe wa maziwa na mbegu za alizeti, lakini taasisi nyingi za serikali nazo huweka mabanda, na za usafiri na hali ya hewa haziko nyuma. Ofisa anayekaa bandani siku nzima akigawa vipeperushi hufurahi akipata mtu mwenye swali la maana. Kama likizo inakukuta Dar es Salaam, Sabasaba mwezi Julai ni hivyohivyo, tena kubwa zaidi.

Tarehe 23 Machi ni Siku ya Hali ya Hewa Duniani. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ndiyo inayotoa utabiri kwa ajili ya ndege nchini, na makao yake makuu yapo hapahapa Dodoma. Mwanachuo wa Jiografia wa UDOM anayesema hana pa kuanzia ajiulize vizuri.

Kisha kuna mikutano ya kikanda, ambayo huwa na kiingilio kikubwa au mwaliko, lakini ni vizuri kuijua. Chama cha Mashirika ya Ndege Afrika, AFRAA, kilichoanzishwa mwaka 1968 na chenye makao Nairobi, hufanya mkutano mkuu kila mwaka. Mwaka 2023 ulifanyika Kampala. Juni 2025 jukwaa la AviaDev Africa lilikuja Zanzibar. Hata usipoingia, soma ratiba na mada zake. Mada za mkutano zinakuonyesha mambo yanayowanyima usingizi watu wa fani.

Na wapenzi wa ndege wasio na leseni yoyote? Nao wana historia yao. Klabu ya Ndege ya Afrika Mashariki, Aero Club of East Africa, ilianza Nairobi mwaka 1927 na hadi leo iko Uwanja wa Wilson. Wakati ule ilikuwa klabu ya walowezi, Mwafrika hakuwa na kiti pale. Lakini ukisoma historia ya usafiri wa anga ukanda huu utaona kazi na mapenzi vimekwenda pamoja tangu mwanzo. Uwanja wenyewe unabeba jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Usione aibu kusema, "Mimi napenda tu ndege." Wengi waliovaa sare walianza hivyo.

Swali lako litoke Dodoma

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Swali zuri la kwenda nalo lina sifa tatu. Linatoka mahali unapopajua kuliko unayemuuliza. Linatoka kwenye fani unayosoma. Na haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". Tuone mifano.

*Fizikia na Uhandisi.* Uwanja wa ndege wa Dodoma uko takriban futi 3,670 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 1,120. Kwa kipimo cha hewa ya kawaida kinachotumika kwenye anga, joto la usawa wa bahari huhesabiwa nyuzi 15, na hupungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kwa hiyo Dodoma "ilitakiwa" iwe na nyuzi karibu 8. Lakini sisi tunaijua Oktoba ya hapa. Saa nane mchana nyuzi 30 ni kawaida, yaani nyuzi 22 zaidi. Marubani wana kanuni ya haraka: kila nyuzi moja inayozidi, ongeza futi 120. Zidisha 22 kwa 120, unapata 2,640. Jumlisha na 3,670, unapata futi 6,310, zaidi ya mita 1,900.

Maana yake ni kwamba mchana huo ndege iko Dodoma, lakini mabawa na injini vinafanya kazi kana kwamba uwanja uko kwenye mlima wa mita 1,900. Hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu, mabawa yanahitaji mwendo zaidi ndipo ndege inyanyuke, na njia inayohitajika inakuwa ndefu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Dar es Salaam, ambako uwanja uko chini ya futi 200. Kwa joto lilelile la nyuzi 30 utapata kama futi 2,000 tu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini njia ya kurukia ya uwanja mpya wa Msalato imepangwa kuwa na kilomita 3.6. Swali la kwenda nalo: siku ya joto mnapunguza nini kwanza, mafuta, mizigo au abiria, na nani anaamua?

*Uchumi na Mipango.* Dodoma iliwahi kuwa kwenye ramani ya safari za kimataifa. Mwaka 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia kutoka London hadi Cape Town, na ndege zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya zikielekea kusini. Miaka michache baadaye, mwaka 1937, shirika likaingiza ndege kubwa zinazotua majini. Njia ikahamia pwani, na nyanda za kati zikaachwa. Mji wetu haukuwa umekosa chochote. Aina ya ndege ilibadilika, na hesabu ikabadilika nayo.

Leo tunajengewa Msalato, uwanja ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2022, na jengo lake la abiria limepangwa kuhudumia watu milioni 1.5 kwa mwaka. Wakati huohuo, tangu katikati ya 2024, treni ya SGR inatufikisha Dar es Salaam kwa muda wa kama saa nne, na nauli yake iko chini sana ukilinganisha na ndege. Swali: ikiwa abiria wa Dar es Salaam wengi watapanda treni, Msalato itaishi kwa safari zipi? Mwanza? Nairobi? Mizigo ya zabibu na nyama? Mikutano ya serikali?

Hapa ndipo mikutano kama AviaDev inapoingia. Kule wawakilishi wa viwanja na wa mashirika ya ndege huketi meza moja kwa mazungumzo mafupi yaliyopangwa. Mtu wa uwanja anaeleza kwa takwimu kwa nini ndege iletwe kwake: abiria wangapi wapo, wanatoka wapi, wanalipa nini, msimu upi umejaa. Asiye na takwimu anaondoka na tabasamu tu. Saruji na lami pekee haziiti ndege. Takwimu hizo anaweza kuzianza mwanafunzi wa Chuo cha Mipango kwa kazi yake ya utafiti ya mwaka wa tatu.

*Lugha.* Marubani wa safari za kimataifa na waongozaji wao hupimwa Kiingereza kwa ngazi sita za ICAO, na chini ya ngazi ya nne huruhusiwi. Swali: makosa gani ya matamshi au ya kuelewana yanajirudia kwa wazungumzaji wa Kiswahili wakiwa redioni? Hapo pana tasnifu nzima.

*Sheria.* Mizigo ikipotea au safari ikiahirishwa, abiria wa safari ya kimataifa ana haki chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Hapa nchini kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Swali: abiria wa Dodoma anayesafiri ndani ya nchi analalamika wapi, na malalamiko mengi huishia hatua gani?

*Kompyuta.* Ndege nyingi za abiria hutangaza zenyewe mahali zilipo kwa masafa ya megahezi 1090, na kifaa cha kupokea si ghali. Na droni je? Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupimwa ramani yake kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar, SUZA, walishiriki kuzirusha. Kumbuka droni ni chombo cha anga na inahitaji kibali. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wa TCAA ni hili: kikundi cha wanafunzi kinaombaje kibali cha kujifunzia, na kinakwama wapi mara nyingi?

*Afya na Sayansi za Jamii.* Kwa miaka mingi ndege ndogo za MAF, shirika la wamisionari, zilikuwa na kituo hapa Dodoma na zilipeleka kliniki za mama na mtoto vijijini ambako gari lilikwama masika. Swali: leo vijiji vile vinafikiwa vipi, na ndege ndogo bado ina kazi gani kanda ya kati?

Unaona? Msomi wa Sosholojia tuliyeanza naye ana swali, tena huenda hakuna mwingine ukumbini atakayeliuliza.

Siku yenyewe

Vaa nguo safi na za heshima. Suti si lazima. Beba daftari dogo na kalamu, simu yenye chaji, na nakala mbili tatu za wasifu wako zikae kwenye begi, zisikae mkononi. Fika mapema, kwa sababu watu huongea vizuri kabla ratiba haijaanza na wakati wa chai. Mgeni rasmi akishafika, kila mtu anakaa kimya.

Usikae na wenzako wa chuo siku nzima. Huo ni ugonjwa wetu. Tunasafiri kumi, tunakaa kumi, tunapiga picha kumi, tunarudi.

Tulinganishe mazungumzo mawili. Hili la kwanza:

– Mambo vipi braza? Nafasi za kazi zipo?
– Zikitoka zinatangazwa, mdogo wangu. Angalia kwenye tovuti.

Sekunde kumi, biashara imekwisha. Na hili la pili:

– Shikamoo.
– Marahaba, hujambo?
– Sijambo. Naitwa Neema, nasoma Fizikia mwaka wa pili pale UDOM. Nina swali moja kuhusu Dodoma, kama una dakika mbili.
– Karibu mwanangu.
– Nimepiga hesabu nikaona mchana wa Oktoba hewa ya pale inakuwa kama ya futi elfu sita na kitu. Kwa vitendo mnafanyaje? Mnapunguza mzigo, au mnapanga safari za asubuhi?
– Ngoja kwanza. Hiyo hesabu umeifanya kwa kanuni gani?

Hapo mzee ndiye anayeuliza sasa, na dakika mbili zitakuwa kumi na tano. Ukimaliza, uliza la pili: "Nani mwingine hapa ningeweza kuongea naye kuhusu hili?" Swali hilo dogo huzaa utangulizi. Mtu akikupeleka kwa mwenzake na kusema "msikilize huyu binti", umepata kitu ambacho wasifu wa kurasa nne haukupi. Na hakuna aliyependelewa hapo. Umesikilizwa kwa sababu umejiandaa.

Mambo mawili ya adabu. La kwanza ni ajali. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19, marubani wote wawili wakiwemo. Fani hii ni ndogo. Unayemuuliza anaweza kuwa alisoma na mmoja wao. Usianze na "nani alikosea?" Ukitaka kujifunza, uliza ni kitu gani kimebadilika tangu hapo, kwenye uokoaji majini kwa mfano, maana wa kwanza kufika siku ile walikuwa wavuvi. La pili ni picha. Viwanja vya ndege ni maeneo ya ulinzi. Omba ruhusa kabla hujapiga, hata kama kila mtu anapiga.

Ukisharudi geto

Usiku uleule, kabla hujalala, andika mambo matatu kwa kila mtu uliyeongea naye: jina na kazi yake, alichokufundisha, na ulichoahidi kumtumia. Ukisubiri wiki, majina yatachanganyika yote.

Ndani ya siku mbili tuma ujumbe mfupi, mchana. Usimwandikie mtu mzima "mambo" saa tano usiku. Andika hivi: "Shikamoo. Mimi ni Neema wa UDOM, tuliongea juu ya joto na njia ya kurukia. Nimerudia hesabu kwa joto la nyuzi 33 kama ulivyonishauri, nimepata hivi. Asante kwa muda wako." Usiombe kitu kwenye ujumbe wa kwanza. Mshukuru na umwonyeshe kwamba ulimsikiliza. Nafasi ya fildi utaiomba mwezi wa tatu au wa nne, na wakati huo hautakuwa mgeni kwake.

Kisha walipe wenzako. Ulichokipata kilete kwenye mjadala wa darasa au kibandike kwenye ubao wa ndaki. Watu wa anga wamefika hapo walipo kwa kuambiana, na sisi tunaficha hata madesa. Mwenzako akijua chuo kipi kina idhini na kipi hakina, kuna ng'ombe wa mzazi fulani Kongwa au Bahi hatauzwa bure.

Kazi ya kufanya kabla ya Desemba

Fanya haya matatu, yote hayana gharama.

1. Andika swali moja kwa sentensi mbili, linalotoka kwenye fani yako na kwenye mkoa huu. Mpe mwenzako wa kozi nyingine alisome. Asipolielewa, liandike upya.
2. Rudia hesabu ya hewa nyepesi kwa uwanja wa nyumbani kwenu, uwe Mwanza, Songea au Tabora. Unahitaji kimo cha uwanja na joto la mchana tu.
3. Tafuta majina ya taasisi tatu zilizotajwa humu, soma kila moja inafanya nini, na amua ni banda lipi utakwenda kwanza.

Msalato ikikamilika itahitaji waongozaji, mafundi, wapangaji, wanasheria, watu wa takwimu na watu wa hali ya hewa. Watatoka mahali fulani. Wanaweza kutoka hapa Dodoma, kama tutaanza kuuliza sasa hivi.